Kona ya Dada: Gusa, Kisha Ondoa Kidole

Leo naweka kando barua za wachumba na za mitihani. Kijana mmoja wa Minago, huko Rumonge, ameniletea shida ya aina nyingine, na nikikawia kumjibu ataunguza nyumba ya watu.

Ana miaka 16. Shangazi yake aliyeko Ubelgiji amemtumia sanduku la treni ya mezani. Si ile ya plastiki ya sokoni inayokwenda kwa mawe mawili ya redio. Hii ni ile wanayochezea hata watu wazima: reli za kuunganisha, kichwa kimoja cha treni, mabehewa manne, kisanduku cha kuongozea mwendo, na panda mbili za reli, yaani pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili. Kila panda ina kimota pembeni chenye waya tatu. Karatasi ya maelekezo haimo. "Nilifunga waya kwenye swichi ya taa na betri ya kaka," ananiandikia. "Panda ikaruka vizuri sana mara moja, halafu kimota kikaanza kunuka." Anauliza afungeje waya zile. Njiani anaongeza kwamba majirani wanamcheka, baba anasema huo ni utoto, na mdogo wake wa kike wa miaka 9 hawezi kuona kitufe asikibonyeze.

Hao wanaokucheka kwamba Burundi na treni wapi na wapi, waambie ziwa letu lina reli pande mbili tangu enzi za babu zao. Ile ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Ya Wabelgiji iliingia Albertville, Kalemie ya leo, mwaka 1915. Hata meli ya Liemba iliundwa Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Kigoma kwa reli, ikaungwa upya huko. Sisi katikati ndio tuliokuwa tukitazama tu. Na mwaka 2025 jiwe la msingi la reli ya kutoka Uvinza liliwekwa Musongati, kwa hiyo kicheko chao kina siku za kuhesabika.

Tena chukua rula upime nafasi ya ndani kati ya reli na reli. Ukipata milimita 16.5, una kipimo kilichopunguzwa mara 87 kutoka reli ya milimita 1,435, na huo ndio upana wa reli mpya inayokuja. Ile ya zamani ya Kigoma ina milimita 1,000. Kwa kipimo chako ingekuwa kama milimita 11 na nusu. Basi mezani pako reli ya Musongati imekwishafika.

Sasa harufu.

Hicho unachokiita kimota si mota ya kuzunguka. Ndani mna koili mbili za waya mwembamba wa shaba, na kati yake kipo kijiti cha chuma kinachotelezea huku na huku. Koili ya kushoto ikipata umeme hukivuta kijiti kushoto, ya kulia hukivuta kulia, na kijiti ndicho kinachosukuma zile ndimi mbili za reli zinazohama. Kazi nzima humalizika kabla hujafumba jicho. Baada ya hapo koili haina tena kazi ya kufanya, ila umeme ukiendelea kupita hugeuka joto tupu. Koili kama hizo hunywa ampia 3 au 4 kwa mpigo, na waya wake haukutengenezwa kuvumilia hayo hata nusu dakika. Swichi ya taa ukiibonyeza inabaki ilipobonyezwa. Koili yako ilikuwa inapikwa.

Umeme wa panda unatakiwa uwe kama nyundo kwenye msumari: inagonga, inaondoka. Hayo mengine nitakayokueleza yote yanatoka hapo, na ukiyashika hayo hata bila mchoro utajua lipi ni sawa na lipi si sawa.

Kabla ya kununua chochote, tujue kama koili imekufa. Nenda kwa fundi wa simu, mwombe mita yake dakika tano. Aiweke kwenye kipimo cha omu. Vimota vya namna hii vina waya mbili za koili na moja inayotumika na koili zote mbili, tuiite waya wa pamoja. Mara nyingi huo ndio wa katikati, lakini usiamini macho. Pima waya mbili mbili, jozi tatu kwa jumla. Jozi mbili zitatoa namba inayokaribiana, tuseme omu 4 na 4. Jozi ya tatu itatoa jumla yake, omu 8. Waya ambao haumo kwenye jozi hiyo ya namba kubwa ndio wa pamoja. Kama jozi mbili hazisomi kitu na moja tu inasoma, koili moja imekatika. Kama koili moja inasoma chini sana kuliko mwenzake, varnishi ya waya imeungua na waya zimegusana humo ndani. Ikiwa namba ni sawa, shukuru Mungu. Harufu ilikuwa onyo tu.

Ukirudi nyumbani, acha umeme kwanza. Najua mikono inawasha, lakini panda isiyotembea vizuri kwa kidole haitatembea kwa koili. Sukuma ndimi kwa ncha ya penseli, uone zinagusa reli ya pembeni upande huu na upande ule bila kukwama. Misumari ya kushikilia reli ikipigwa sana hupinda mbao ndogo za chini, na panda huwa nzito. Legeza. Kisha pitisha behewa moja kwa mkono, polepole, kwenye njia zote mbili, mbele na nyuma. Magurudumu yakiruka, shida ni ya reli. Waya hazihusiki.

Na tafadhali, mawese hapana! Najua Rumonge nzima ina dawa moja ya kila mlango unaolia. Mafuta yakiingia kwenye kile kijiti cha chuma hushika vumbi, yakaganda, na wiki ya pili kijiti hakisogei tena. Kikiwa kizito, saga risasi ya penseli iwe unga, weka kidogo sana. Hewa ya ziwani ina unyevunyevu pia, kwa hiyo reli zitachafuka. Zifute kwa kitambaa na spiriti. Ukizikwangua kwa msasa unaacha mikwaruzo inayokusanya uchafu upya.

Tuje kwenye vitufe. Unataka kitufe kinachorudi chenyewe ukiondoa kidole. Cha kengele ya mlango kinafaa kabisa, na duka la vifaa vya umeme huwa navyo. Utahitaji vinne, kwa sababu kila panda ina koili mbili na kila koili inataka kitufe chake. Umeme unakwenda hivi: waya wa pamoja wa kila kimota unaungwa kwenye chanya, kila waya wa koili unaingia kwenye kitufe chake, na upande wa pili wa vitufe vyote vinne unarudi kwenye hasi. Hakuna siri nyingine. Waya zisiwe nyembamba kama za ndani ya kebo ya simu, kwa sababu mpigo mkubwa ukipita kwenye waya mwembamba mrefu hufika umechoka na panda huishia katikati, na hapo ndipo treni huanguka. Waya wa spika mnene wa kawaida unatosha. Ule wa pamoja uwe mnene kuliko wengine.

Ungekuwa peke yako nyumbani ningeishia hapo. Lakini una mdogo wako wa miaka 9, na yeye atabonyeza kitufe na kukishikilia huku anakutazama usoni. Kwa hiyo tunaweka mlinzi, naye ni kapasita.

Kapasita hujaza umeme polepole na kuutoa wote kwa mkupuo mmoja. Ukiiweka kati ya betri na vimota, kila kubonyeza kunatoa mpigo mmoja wenye nguvu. Ukishikilia kitufe, kinachopita baada ya hapo ni umeme mdogo usiounguza kitu. Huko Ulaya huuza kisanduku cha kazi hii tayari, lakini wewe unaweza kukijenga kwa vitu vya sabufa iliyokufa. Muulize fundi redio. Kwenye kikuza sauti cha sabufa mara nyingi mna kapasita nene mbili zilizoandikwa 3,300 au 4,700 µF na volti 25 au 35. Hizo ndizo. Usizing'oe mwenyewe kwenye televisheni ya zamani, hasa ile ya mgongo mkubwa. Humo mna kapasita za volti mamia, na hung'ata hata televisheni ikiwa imechomolewa.

Betri ya kaka ni ya volti 12, kwa hiyo kapasita moja haitoshi. Nguvu inayohifadhiwa inakwenda kwa volti zikizidishwa kwa zenyewe. Kapasita ya 4,700 µF kwa volti 22 hivi, ambazo ndizo visanduku vya Ulaya hutumia, ina nguvu mara tatu na zaidi ya hiyo hiyo ikiwa kwenye volti 12. Kwa hiyo weka tatu sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Ukizigeuza zitavimba na kupasuka, na harufu yake ni mbaya kuliko ile uliyoisikia. Upande wa hasi una mstari uliochapwa kwenye ganda.

Kutoka chanya ya betri pita kwanza kwenye fyuzi ya ampia 5, karibu kabisa na betri. Kisha rezista ya omu 100 yenye uwezo wa wati 2. Kisha chanya ya kapasita, na hapo ndipo waya wa pamoja wa vimota unapoanzia. Hasi ya kapasita, hasi ya betri na waya wa vitufe vyote vinakutana mahali pamoja. Rezista ndiyo inayofanya ujazo uwe wa polepole, kwa hiyo baada ya kila mpigo hesabu hadi tano kabla ya mwingine. Mtu akishikilia kitufe, ampia zinazopita ni kama 0.12 tu. Binti anaweza kukaa na kidole chake hapo hadi jioni.

Fyuzi usiidharau kwa kuwa volti 12 hazipigi mtu shoti. Betri ya risasi, waya zake mbili zikigusana, hutoa ampia nyingi kiasi cha kuyeyusha plastiki ya waya na kuwasha mbao iliyo chini yake.

Kile kichwa cha treni kinapata umeme wake kutoka kwenye kisanduku cha mwendo, na hiyo ni njia nyingine kabisa. Usiunganishe betri kwenye reli, hata kidogo, hata kwa kujaribu. Kisanduku hicho kigeuze usome kibandiko cha chini. Kikiandikwa 220 au 230 V na 50 Hz, ni cha umeme kama wetu, na cha Ubelgiji kitakuwa hivyo. Ninyi wengine mnaotumiwa vitu na ndugu wa Marekani au Canada, angalieni sana: vya huko ni vya volti 120, na vikiingia kwenye soketi ya umeme wetu wa Regideso havimalizi dakika. Ganda likiwa limepasuka au kebo imechunika, kisanduku hicho hakichomekwi mpaka fundi umeme akione. Waya za kimota, nazo, zisikaribie soketi ya ukutani milele. Nasema hivi kwa sababu umeandika kwamba mjomba alikushauri ujaribu "umeme wenye nguvu zaidi". Mjomba mwambie asante, kisha usimsikilize.

Kuna visanduku ambavyo pembeni vina matundu mawili ya ziada ya volti 16 za mkondo geu. Hayo yaliwekwa kwa ajili ya taa na panda. Ukiyakuta unaweza kuyatumia badala ya betri, ila weka dayodi moja, 1N4007 inatosha, kabla ya ile rezista, na kapasita iwe ya volti 35, kwa sababu itajaa kufikia volti 22. Hapo kapasita moja itakutosha.

Jambo jingine ambalo hukuliuliza: pale reli mbili zinapopishana katikati ya panda pana kipande chenye umbo la V, tukiite moyo. Uguse. Kama ni plastiki, huna kazi ya kufanya, endelea. Kama ni chuma, moyo huo unabadilisha umeme wake kila panda inapobadilika, na ukiwa na njia inayozunguka utapata shoti ya ajabu ambayo utaisingizia kila kitu isipokuwa yenyewe. Dawa ya kuanzia ni kuweka viunganishi vya plastiki, badala ya vya chuma, kwenye reli mbili zinazotoka kwenye ncha ya moyo. Ukiona treni haipati umeme mbele ya hapo, ulishe upande huo kwa waya zake zenyewe kutoka kwenye kisanduku. Kwa mtu anayeanza, yatosha.

Usifunge panda zote mbili siku moja. Ile iliyonuka iache iende kwa mkono kwanza. Toboa mbao ya meza pembeni, pitisha spoku ya baiskeli iliyopindwa ncha, uishike kwenye kile kijiti kinachounganisha ndimi mbili, na uivute ukiwa umekaa. Ni rahisi, haiharibiki, na kwenye stesheni nyingi za reli ya zamani mtu bado anavuta mtaimbo wenye uzito ili kubadili njia. Watu wa treni za mezani wenye fedha zao huko Ulaya nao wapo wanaopenda kuvuta hivyo kuliko kubonyeza, na mimi siwalaumu.

Na huyo binti mkorofi? Mpe kazi. Kwenye reli ya kweli dereva habadili njia mwenyewe. Kuna mtu wa stesheni anayeshika njia na ishara, na dereva haondoki mpaka aonyeshwe. Huko Uingereza John Saxby alipata hataza mwaka 1856 kwa mtambo uliofunga pamoja vyuma vya kubadili njia na vya ishara, ili mtu asiweze kumruhusu dereva kuingia njia isiyowekwa sawa. Kwa hiyo wewe shika mwendo, yeye ashike panda. Chora njia zako kwenye kipande cha mbao, weka kila kitufe juu ya njia kinayoifungua, kijani kwa kunyooka na nyekundu kwa kuchepuka. Usisogeze treni mpaka aseme. Utaona ataacha kubonyeza ovyo, maana sasa kosa litakuwa na mwenyewe. Akikuuliza kwa nini si yeye anayeendesha, mbadilishane. Kwani nani kasema treni ni ya kaka?

Betri. Hiyo ni ya taa za kuvulia ndagala, ni chakula cha nyumbani, na umesema uliichukua kaka akiwa amelala. Iombe. Siku za mbalamwezi watu wa taa hawaingii ziwani, betri inakaa bure, hizo ndizo zako. Mipigo ya panda hainywi umeme wa kuhisika, lakini usiiache imeungwa usiku kucha, na ikisoma chini ya volti 12 irudishe kwenye pane ya sola kabla hujaambiwa.

Kwa baba usibishane. Ukishajua kufunga fyuzi kwenye meza yako, chungulia mtumbwi wa kaka. Sina shaka sana kwamba waya za taa zimeviringishwa moja kwa moja kwenye vichwa vya betri, hazina fyuzi, na zinasuguana na mbao kila wimbi linapopita. Mwombe kaka ruhusa, weka fyuzi inayolingana na taa zake, funga viungio vizuri, kisha mwite baba aone. Sikuahidi kwamba ataipenda treni, ila ataacha kuuliza unajifunza nini pale mezani.

Bandika kipande cha karatasi chenye namba kwenye kila ncha ya waya kabla hujageuza meza, maana kwa chini zote zitafanana. Halafu niandikie ulichosoma kwenye mita, zile jozi tatu, na utaje ni za kimota kipi: kile kilichonuka au kile kizima. Kama cha kwanza kimekufa, nitakueleza jinsi ya kutumia kile kimota kinachofunga loki ya mlango wa gari. Nacho ni cha volti 12, kina waya mbili tu, na kinahitaji swichi ya miguu sita.